Mbegu Iliyomngoja Odhiambo

Otieno mwanangu,

Nina miaka sabini na tatu. Nimeishi kuliko meli za abiria nilizoziziba matundu kule gatini, kuliko wazungu walioniamuru kuziziba, na kuliko kile kiwanda cha pamba kilichotuambia kwamba njaa ya Kisumu sasa imekwisha. Nimewazika ndugu zangu wote. Magugu yalipofunika ziwa watu walisema ziwa limekufa. Nikawaambia subirini, na leo mimi niko hapa na ziwa liko pale. Na nimeishi kuliko Dero, ile kompyuta yenu iliyoongea Kijaluo, iliyozaliwa katika karakana yangu hapa Kondele na ikafa humo humo. Hiyo ndiyo nataka kukuandikia. Mambo ya safari mama yako amekwisha kukwambia, na aliyosahau ameyafunga kwenye gazeti pamoja na samaki.

Nianze na lile zito, nisije nikachoka kabla sijalifikia. Dero haikuuawa na Odhiambo. Muda wote huu umeamini kwamba kaka yako alikuonea wivu, akaikalia kazi yako huko Nairobi mpaka ikaoza. Siyo yeye. Ni mimi. Kesho unapanda basi kwenda mji anaokaa yeye, na jana nilikusikia ukimwambia mama yako utalala kwa rafiki yako, na mlango wa Odhiambo hutaukanyaga. Basi soma barua hii yote, hata pale nitakapojisifu. Maana nitajisifu. Mtu wa kwetu asiyejisifu akiwa hai anangoja kusifiwa matangani, na huko hasikii.

Utajiuliza kwa nini mzee huyu anakuandikia Kiswahili wakati nyumbani hatuongei Kiswahili. Mkono wangu haukusomea Kijaluo. Mimi mwana wa kwanza nilichunga ng'ombe, wadogo zangu ndio walikwenda shule. Herufi nilifundishwa gatini, nikiwa tayari na ndevu, na fundi mmoja mtu wa Tanga aliyekuwa akiandika kwa chaki juu ya bamba la chuma, kisha analifuta kwa kiganja. Alinifundisha kwa lugha yake, na mkono ukabaki huko. Kijaluo changu kiko mdomoni tu. Hakijawahi kushuka mpaka kwenye vidole.

Sasa unaelewa nilivyokuwa ile Krismasi Odhiambo alipokuja kutoka chuo na disketi zake ndani ya katoni ya viatu. Mlikuwa mmeinunua ile kompyuta kuukuu, ina kichwa kikubwa kama cha fahali, mmeiweka chumba cha mbele cha karakana. Mkawa mnaihangaikia tangu asubuhi. Nikaja kuwaambia mtoke, nina mageti mawili ya mteja. Odhiambo akaniambia, "Baba, kaa hapa kidogo." Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha pakatokea maneno: "Donji, Jaduong'." Ingia, Mzee. Nikayasoma herufi kwa herufi, mdomo ukinichezacheza. Nilipoelewa kwamba chuma kimenikaribisha kwa lugha ya mama yangu, nilitafuta kiti. Mliona nimekaa mkacheka. Mlifikiri nimechoka.

Odhiambo ndiye aliyenieleza. Alisema hicho kitu kinaitwa Linux, na ndicho kinachoiendesha mashine, nanyi mlikuwa mkikigeuza kiongee Kijaluo. Akasema kinatofautiana na vile vingine vya kununuliwa. Ukishakipata unaruhusiwa kukifungua, ukakibadilisha kitoshe nyumba yako, halafu ukampa jirani, na jirani naye akampa wa kwake.

"Na mwenyewe hakudai kitu?" nikamuuliza.

"Hakudai, Baba. Anataka tu na wewe usimnyime mwenzako."

"Kama mbegu."

Odhiambo akakutazama wewe, halafu akanitazama mimi. "Kama mbegu kabisa," akasema.

Nilifurahi sana na neno langu lile. Nimelikumbuka mara nyingi tangu wakati huo, maana hapo ndipo nilipoielewa kazi yenu na hapo hapo ndipo nilipoanza kuiharibu. Mtu akishalinganisha kitu na mbegu mbele ya mzee kama mimi, ajue amekabidhi na sheria za mbegu.

Lakini kwanza nikumbushe uzuri, kwa sababu ulikuwepo, na mimi nilikuwa katikati yake.

Unakumbuka shida ya stima. Nikiwasha mashine yangu ya kuchomelea, taa za nyumba nzima zinainama, na kompyuta yenu inazimika ikiwa na kazi ya siku nzima tumboni. Mara ya kwanza ulitoka pale mbio ukiwa umeshika kichwa. "Yawa, Baba! Zima! Umetumaliza!" Barasa, mwenzangu wa karakana, akasema kwa ule Kiswahili chake cha Kakamega, "Mzee, hawa vijana wako wanalima shamba ambalo ng'ombe wako analala juu yake." Tukakata shauri. Kile kipande cha reli nilichokitundika mlangoni, nikitaka kuchomelea nitakigonga kwa nyundo, nanyi mtapiga kelele "Okan!" yaani imehifadhiwa, ndipo niwashe. Kondele nzima ikazoea. Nikigonga, hata wale wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wanaitikia "Okan!" bila kujua kinachohifadhiwa ni nini. Sijui karakana nyingine katika Kenya hii ambapo moto na kompyuta viliishi chumba kimoja kwa adabu namna hiyo. Niambie kama ipo.

Na maneno. Mlinifanya nikawa kama kamusi, sikatai, niliipenda kazi hiyo kuliko pensheni. Odhiambo aliniuliza, mahali pa kuwekea vitu, ambapo ndani yake panaweza kuwa na mahali pengine, tupaite nini? Nikasema dero. Ghala. Mama yako ana dero ya mtama, na ndani ya dero kuna kapu, na ndani ya kapu kuna kibuyu cha mbegu. Mkapiga makofi, mkaipa kazi yote nzima jina hilo. Kwa hiyo jina Dero ni langu. Mtu akikwambia vinginevyo huko Nairobi, mwambie baba yako yu hai.

Tuligombana pia. Siku ile kazi moja ndani ya mashine iligoma, ukaizima kwa nguvu, na mashine ikaandika kwamba imeuawa. Onegi! Nikaliona neno lile kwenye kioo nikasema, katika boma langu hakuna chuma kitakachomwambia mtu habari ya kuuawa.

"Baba, ni programu tu. Si mtu," ukasema.

"Mama yako anafagia hapa asubuhi. Akikuta limeandikwa?"

"Kwa Kiingereza ndivyo linavyosema."

"Waingereza na wauane kwao."

Barasa alicheka mpaka akashikilia meza. Mwishowe Odhiambo ndiye alipata njia: mashine iseme oling', imenyamaza. Ikabaki hivyo mpaka mwisho. Nyinyi wawili mlikuwa hivyo wakati ule. Wewe unachimba, yeye anapata njia. Nilikuwa nikiwatazama migongo yenu miwili mbele ya kioo kimoja nikajisemea, mimi ambaye sikusoma nimewafikisha hawa hapa.

Watu wakaanza kuja. Yule mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, pale kona alikuja na vidole vyenye magamba, ukamwonyesha jinsi ya kuandika jina lake, mashine ikamjibu kwa jina hilo hilo na salamu. Akarudi nyuma, akasema, "Huyu amejuaje kwetu?" Kesho yake akaja na dada zake. Vijana wa Manyatta wakaja na disketi zao kunakili. Wa kanisa la Obunga wakataka kupigia chapa mapambio. Ikafika mbali, mpaka kwa yule mwanafunzi wa kwetu aliyekuwa nchi ya baridi, aliyewaandikia kwamba kila jioni akizima mashine inamwambia "Oriti," naye anaijibu kwa sauti, kwa sababu huko hana mwingine wa kumwambia kwaheri kwa Kijaluo. Uliponisomea hayo nilitoka nje nikajifanya natafuta nyundo.

Dero ya kwanza ilikuwa imetolewa kwa utaratibu. Mama yako alipika kuku. Odhiambo, mwana wa kwanza, ndiye aliyebonyeza, disketi ya kwanza ikanakiliwa mbele ya watu. Wewe ukanakili ya pili. Sikuwalazimisha, ilikuja hivyo yenyewe, na mimi nikaona ni vizuri sana, nikaona hata kompyuta inajua boma lina mkubwa na mdogo.

Halafu Odhiambo akapata kazi Nairobi, akaoa, na wewe ukabaki na vijana wenzako mkitengeneza Dero ya pili. Hiyo niliiona ikikua siku kwa siku. Ilikuwa na masomo ndani yake, na michezo ya hesabu, na inajiweka yenyewe kwenye mashine bila kuhitaji fundi. Kazi ile ilikuwa yako. Odhiambo alituma ushauri tu. Ikaiva mwanzo wa mvua ndefu, watu wakiwa mashambani wanatifua.

Ndipo alipokuja Mwalimu Awuor, yule wa shule ya wasichana kule ufukweni, mbele ya Dunga. Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta na wahisani, zimekaa kwenye maboksi. Alitaka Dero ya pili iingizwe humo. Mchana wasichana wasome, jioni mama zao waje wajifunze kuandika kwa lugha wanayoiota. Alisema hivyo, "lugha wanayoiota," sijasahau. Wewe ulikuwa tayari kubeba disketi siku ile ile.

Nami nikasema, "Ngojeni Odhiambo."

Desturi unaijua, lakini niiandike, kwa kuwa wajukuu wangu wa Nairobi wataisoma barua hii na hawaijui. Kwetu mbegu haitoki ghalani ovyo. Kila msimu mwenye boma na mkewe hutangulia kupanda, kisha mwana wa kwanza, kisha anayemfuata. Mdogo akipanda kabla ya mkubwa wake, amemruka. Na kuruka huko kunaleta chira, ile laana inayomkausha mtu bila ugonjwa wenye jina. Nikasema Dero ya kwanza Odhiambo alitangulia, na hii ya pili ni msimu mwingine, atangulie tena. Aje kwa miguu yake, abonyeze, ndipo wewe upeleke shuleni.

Ukaniambia, "Baba, hii si mahindi."

Nikakwambia, "Nyinyi ndio mliokubali ni mbegu."

Mjanja, sivyo? Nilijiona mjanja.

Odhiambo hakuja. Kazi ilikuwa mpya, bosi hampi ruhusa, mke ana mimba kubwa. Lakini alipiga simu. Hili ndilo hulijui. Alipiga kwenye ile simu ya duka la dawa, yule mama mwenye duka akaniita, nikaenda na Barasa nikiwa na miwani ya kuchomelea paji la usoni.

"Baba, nimesikia Otieno ananingoja," akasema.

"Ndiyo. Unakuja lini?"

"Siwezi kuja mwezi huu. Baba, atoe tu. Mimi nimempa ruhusa. Mwambie asiningoje hata siku moja, ile kazi ni yake."

"Ruhusa ya kupanda haiji kwa simu."

"Baba."

"Mimi mwenyewe nilitembea kutoka gatini mpaka nyumbani kwa ajili ya kupanda. Wewe una basi."

"Baba, tafadhali. Mwambie nimesema atoe."

Nikamwambia nimesikia. Sikudanganya, nilikuwa nimesikia. Nikarudisha simu mahali pake. Tuliporudi karakana wewe ulikuwa umesimama mlangoni, umeshika nguzo ya geti, ukaniuliza, "Amesemaje?"

Nikakujibu, "Bado."

Neno moja. Barasa aliinama akaanza kukusanya vipande vya chuma ambavyo havikuhitaji kukusanywa. Wewe uliingia ndani. Kuanzia siku hiyo "bado" yangu ukaibeba kama ya Odhiambo.

Mwalimu Awuor alirudi akiwa amekalia nyuma ya baiskeli ya boda boda, sketi imejaa matope. Ulikuwa umekwenda mjini. Akanikuta peke yangu.

"Jaduong', wahisani wanakuja kuona kompyuta zinafanya kazi. Nikikosa Dero nitaweka ya Kiingereza. Sina njia nyingine."

"Mwana wa kwanza akifika tu, utapata."

"Na wale mama? Nimekwisha kuwaambia waje."

"Mama, mwenye shamba hajapanda."

Akanitazama machoni. Akasema, "Mzee, wewe unaogopa kitu. Si desturi hiyo." Kisha akaipanda tena ile baiskeli ya boda boda. Nilikasirika siku nzima. Nilichomelea geti vibaya, mimi, ambaye mageti yangu yako mpaka Ahero na hakuna lililoning'inia bado.

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Sijawahi kukuhadithia habari ya Ochieng', ndugu yangu aliyenifuata. Nilipokuwa kijana gatini, mwaka mmoja nilichelewa kurudi nyumbani kupanda. Mvua imenyesha, udongo uko tayari, mkubwa hayupo. Ochieng' akapanda. Nilipofika, mahindi yake yalikuwa yamekwisha kutoboa ardhi, na mimi nikamfanyia vita mbele ya watu. Nilimwambia amenizika nikiwa hai. Aliniomba msamaha, nikakataa kula mezani pake. Homa ikamchukua kabla mahindi yale hayajakomaa. Wazee wakasema, unaona? Mimi pia nikasema, unaona? Ni rahisi zaidi kusema ni chira kuliko kusema kwamba ndugu yako alikufa na wewe umekataa chakula chake.

Kwa hiyo ulipotaka kutoa Dero kabla ya Odhiambo, sikukuona wewe. Nilimwona Ochieng' amesimama kwenye mistari yake ya mahindi mapya. Nikasema moyoni, huyu sitamwacha afe. Nilikuwa nakulinda, Otieno. Kwa upumbavu, lakini nilikuwa nakulinda. Na angalia nilivyolinda: nilichukua ugomvi wangu na ndugu yangu nikaupanda kati ya wanangu wawili, kwa mikono hii hii, na ukaota vizuri kuliko mahindi yoyote niliyowahi kupanda.

Mengine unayajua. Shule iliweka ya Kiingereza. Wale mama walikuja jioni moja, wakaketi, wakaiangalia, wakarudi zao. Vijana wenzako walitawanyika, mmoja akaenda kuuza vipuri, mwingine kwa mjomba wake Migori. Wale wa Manyatta wakapata michezo mingine ya kunakili. Na hicho Linux chenyewe kikaenda mbele huko kwao, kila wakati kinabadilika, mkawa mmeachwa kama mtu aliyeshuka basi kununua mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyeitangaza Dero kuwa imekufa. Siku moja niligonga reli na hakuna aliyeitikia "Okan!" isipokuwa mtu mmoja wa mitumba ng'ambo ya barabara, kwa mazoea.

Ukaifungia kompyuta pamoja na katoni ya disketi ndani ya lile kasha la chuma nililoitengenezea, ukafunga kufuli, na ufunguo ukautupa kwenye choo cha jirani. Odhiambo alipopata mtoto hukwenda. Alipokuja kwenye mazishi ya shangazi yako ulimpita kama nguzo ya stima. Aliniuliza pembeni, "Baba, nimemkosea nini?" Nikamwambia, "Ni ujana, utaisha." Mara ya pili hiyo nikificha, sasa unaona. Ya kwanza niliogopa chira. Ya pili niliogopa nyinyi wawili mkijua mtanitazama vile Mwalimu Awuor alivyonitazama.

Yeye anaamini ulimkasirikia kwa kutokuja. Wewe unaamini hakutaka utoe. Wote wawili mmebeba mzigo wangu, na mimi nimekuwa nikitembea mikono mitupu nikijisifu Kondele nzima kwamba wanangu ni watu wa kompyuta.

Kuna kitu kimoja nimejifunza, nacho si kikubwa, mama yako alikijua tangu alipoolewa. Mbegu ukiiweka ghalani kwa heshima, fukusi hawaulizi ni heshima ya nani. Ochieng' aliona mvua, akapanda. Hakuwa na kosa. Nimechelewa sana kuandika sentensi hiyo, na nimeiandika kwa lugha ambayo yeye hakuijua.

Desturi sikwambii uitupe. Mimi nitakufa nayo. Lakini iliwekwa ili ndugu wangojane kwa upendo, wafike shambani pamoja. Kama kungojana kunawafanya wasiongee, hapo mtu anaficha jambo lake nyuma ya desturi, na mara nyingi ni mzee. Ukimwona mzee wa namna hiyo, hata kazini, hata akiwa na tai, mwulize kwa adabu anaogopa nini. Mimi Mwalimu Awuor aliponiambia nilikasirika, lakini neno lake lilinikaa.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda Manyatta kuwaaga rafiki zako, nilikata lile kufuli. Nikwambie, mimi ndiye niliyelichagua kufuli lile na mimi ndiye niliyelichomelea kasha, na nimehangaika nalo mpaka jua likawa juu ya kichwa. Barasa alikuwa amekaa kwenye ndoo anakunywa chai.

"Mzee, umekutana na fundi mwenye kichwa ngumu," akasema.

"Fundi huyu hajawahi kutengeneza kitu dhaifu," nikamwambia.

"Ndiyo nasema. Hiyo ndiyo shida yake."

Nilimwacha aseme. Ameninyamazia muda mrefu kwa ajili ya ile simu, ana haki ya kunitania asubuhi moja.

Kompyuta imekula kutu pembeni na mjusi alikuwa amefanya nyumba. Lakini katoni ilikuwa kavu. Nimeiweka ndani ya mfuko wako, chini ya viatu. Ni ile ya Dero ya pili. Kama disketi bado zinasomeka mimi sijui, Barasa anasema vumbi huzila hata zikiwa zimefungwa. Sikwambii uifufue Dero. Mvua yake ilipita, na mkulima asiyekubali kwamba mvua imepita huyo amekwisha. Huko unakokwenda utakuta kazi nyingine, na watu wengine watakuja kufanya Kijaluo kiongee ndani ya chuma, pengine vizuri kuliko nyinyi. Pengine, nimesema. Wataniambia jina gani zuri kuliko dero?

Nimekuwekea kwa sababu ilikuwa mbegu ya watu wawili, na mmoja hajawahi kuiona. Odhiambo hajui ulifika wapi. Hajui kuhusu michezo ya hesabu, hajui ulivyoifanya ijiweke yenyewe. Mwonyeshe. Na siku nyingine ukiwa na kitu kilichoiva mkononi, na mvua imenyesha, na mimi niko Kondele nagongagonga vyuma vyangu, kitoe. Nimefunga kwa mdomo wangu, nafungua kwa mdomo wangu, na mama yako amesikia nikilisema hili mchana huu, akasema kwamba angependa kulisikia mapema zaidi. Halafu akarudi kwenye samaki wake.

Sasa, hujazoea kusikia nikisema nimekosea, na utadhani mama yako amenilazimisha au nimeanza kupotea akili. Basi nakupa mashahidi. Barasa alisimama karibu nami kwenye duka la dawa, alisikia upande wangu wa simu, na ile "bado" aliisikia mlangoni. Mwulize kesho kabla ya basi, atakuja kukubebea mzigo. Mwalimu Awuor bado yuko shule ile, atakwambia nilivyomrudisha na matope yake. Kuhusu Ochieng', kaburi lake liko upande wa kushoto wa boma, wazee wawili waliokuwepo siku ile bado wanakula ugali.

Lakini lile neno lenyewe, "atoe tu," lilisikiwa na watu wawili. Mmoja ni mimi, na mimi unanijua, naongeza chumvi. Mwingine mama yako amekuandikia mahali anapokaa, kwenye karatasi iliyo ndani ya mfuko wa koti lako. Kwake usiingie kama mgeni wala kama mdogo. Piga hodi, weka katoni mezani, umuulize siku ile alisema nini.

Baba yako, fundi wa Kondele.